Macho ya Samaki wa Mti

Mnakuja kwangu na samaki wa plastiki mliowanunua sokoni ng'ambo, wana rangi kama peremende, mnaniuliza kwa nini kapiteni, yule samaki mkubwa wa mto, anawapita bila hata kuwasalimu. Bon, nitawaambia. Lakini mniache nianze ninapotaka mimi. Kazi hii ya kuvua kwa samaki wa bandia nilifundishwa na mtu mmoja, na siwezi kuwapa ujuzi wake nikauacha msiba wake nje ya mlango.

Mimi ni Lotika, wa hapa hapa Lubunga. Jicho langu la kushoto limekufa. La kulia bado linaona, ila kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa. Sivui tena. Nakaa, najikuna miguu, nawasikia mkijisifu.

Kosa lenu liko mkononi. Mna mkono wa haraka. Mvua kubwa ikinyesha msituni, mto Tshopo unashuka mweusi kama chai, na baridi. Unaingia Lindi, na Lindi inaingia mto mkubwa, lakini maji hayo hayachanganyiki mara moja. Yanakwenda kando kwa kando kama mume na mke walionuniana. Tia mkono utausikia mpaka wenyewe, huku vuguvugu, huku baridi. Kapiteni anakaa upande wa baridi, karibu na mawe, na baridi imemtia uvivu. Hafukuzi kitu. Anataka chakula kisimame mbele ya mdomo wake. Nyinyi mnavuta, mnavuta, mnavuta, kama mnaokimbiza kuku. Vuta, vuta, halafu acha. Kule kuacha ndiko kuvua. Samaki wa mti asimame katikati ya maji, asizame, asipande, atetemeke kidogo tu. Kapiteni atamtazama, atamtazama, mwishoni uvivu utaishinda njaa au njaa itaushinda uvivu.

Aliyenifundisha hayo ni Tonton Bolonga, mjomba wa heshima si wa damu, mtu wa mto, wazee wake watu wa Yanonge. Nilimjia nikiwa kijana niliyeoa karibuni, sina kazi, wakati ule ambao sote tuliitwa citoyen, raia, na kila Jumamosi tulifyeka majani ya barabara kwa lazima, salongo. Yeye zamani alimpigia kasia Mgiriki mmoja mwenye duka, mzungu aliyependa kuvua kuliko kuuza. Siku serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwapa wakubwa wa chama, Mgiriki aliondoka na sanduku moja la nguo. La samaki wake wa bandia alimwachia Tonton. Mkubwa aliyepewa duka aliuza vitu vyote, akauza hata mbao za rafu. Lakini sanduku lile hakuliona.

Samaki wale wa Ulaya waliisha mmoja mmoja. Mbenga, samaki wa meno makali, aliwatafuna, mawe yakawala. Hapo Tonton akaanza kuchonga wa kwake. Alitumia kombokombo, ule mti mwepesi unaoota kwenye shamba lililoachwa. Tumboni alitoboa tundu, akamimina risasi iliyoyeyushwa kutoka betri kuukuu za gari, akaziba kwa utomvu wa mpira. Kazi ngumu ilikuwa uzito. Ukizidisha, anazama, na ukipunguza, anaelea kama kizibo. Alizungusha waya mwembamba wa shaba kwenye ndoana, kidogo kidogo, mpaka samaki asimame.

Wa kwangu wa kwanza nilimpima nyumbani, ndani ya beseni la mke wangu. Alisimama vizuri mno. Nikawaita majirani wamwone. Kesho yake mtoni alipanda juu, akalala ubavu kama mlevi. Kumbe beseni lilikuwa limeota jua tangu asubuhi. Maji ya moto ni mepesi, maji ya baridi yanasukuma kitu juu. Tonton alicheka mpaka mtumbwi ukaingiza maji.

"Lotika, wewe ulimufundisha samaki kuoga! Hapa si douche. Pima ndani ya maji yenye utavulia."

Andikeni hilo mahali. Mpimeni samaki wenu ndani ya maji yale yale mtakayovulia, asubuhi ile ile.

Na kungoja je, mngoje kiasi gani? Tonton hakuwa na saa. Alikuwa anasali. Maji yakiwa ya kawaida, alisema Baba Yetu kimoyomoyo mpaka penye mkate wa kila siku, halafu anavuta. Maji yakiwa baridi sana, alikwenda mpaka Amina. Mkewe, Mama Zaina, mwanamke wa Maniema, Mwislamu, alimtania kila tulipoondoka.

"Ungesema Alhamdu, papa, ungerudisha samaki mukubwa. Ya kwenu iko mufupi."

"Ya kwenu sijuwe kuisema."

"Utajuwa tu. Unajuwa kunyamaza, hauwezi kukosa kujuwa kusema."

Wapendanao hutaniana hivyo. Tulicheka, mimi nikasukuma mtumbwi.

Mama Zaina ndiye aliyewapa samaki wale macho. Tonton alisema samaki asiye na jicho ni kijiti tu. Mkono wake mwenyewe ulikuwa mkubwa, ukichora jicho linakuwa kidonda. Wa Mama Zaina ulikuwa mkono wa kuchora hina. Alikuwa na kichupa cha verni ya kucha, nyekundu. Anagusa tone moja, anapuliza, halafu anatia nukta nyeusi ya masizi katikati. Samaki akimaliza kupata macho yote mawili ulikuwa unaona aibu kumtia ndoana. Hawakuwa na watoto, wawili wale, na wanawake wa mtaa waliwaita samaki hao watoto wa Zaina. Walisema kwa utani. Utani wa mtaa mnaujua, siku yoyote unaweza kugeuka shitaka.

Tulivua vizuri. Jumamosi moja tulijificha ndani ya majani ili tuikwepe salongo, na citoyen mkuu wa seli ya chama akatukamata na kapiteni mrefu kama mtoto wa shule. Akatuhubiria juu ya uvivu na taifa, akamchukua kapiteni, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alitushukia alfajiri, akauliza kwa sauti ya chini tunaondoka saa ngapi.

Msimu wa maji madogo tulihamia chini ya maporomoko. Samaki walijaa pale, na usubi pia. Mnaujua, vinzi vile vidogo vyeusi, vinauma mchana, vinaacha tone la damu. Hatukuvihesabu kuwa kitu. Mtu wa mto anaumwa, ndiyo mto wenyewe. Tulijikuna. Ngozi ya Tonton ilikuwa ngumu kama ya kenge, miundi ina madoa kama chui, na kiunoni alikuwa na vinundu ambavyo alivigusagusa akifikiri. Mimi vyangu vilikuwa vinaanza.

Halafu Tonton akaanza kukosa mambo. Alikosa kamba iliyo mbele yake. Alikanyaga kasia. Aliwasalimia watu wa mitumbwi mingine kwa majina yasiyo yao, wakacheka, akacheka nao. Siku moja jua limesimama kabisa aliniuliza kama mvua inakuja. Nilitazama jua, nikamtazama yeye, nikapiga kasia.

Jambo la ajabu, alizidi kuvua. Uvuvi ule ni wa vidole. Kamba inakuambia kila kitu, jiwe, jani, pumzi ya samaki anayekaribia. Mimi nikakaa nyuma kuongoza, yeye mbele, uso juu, midomo ikisali. Lakini mtaani watu hawaoni vidole, wanaona macho. Mtu aliyekuwa anaona sasa haoni, lazima kuna aliyeyachukua. Na jibu lilikuwa limetundikwa ukutani kwake, mistari kwa mistari, samaki wa mti wenye macho mekundu mazuri yanayong'aa. Nani aliwapa macho? Zaina. Aliyatoa wapi?

Ndugu zake Tonton wakapanda kutoka Yanonge kwa mtumbwi wa mota. Mkubwa wao, Papa Bosongo, alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti ya taratibu, na sauti ya namna hiyo ndiyo mbaya. Tukaketi uani. Tonton nilimpa kigoda kando yangu. Alikuwa na ndoana mkononi, anainoa kwa jiwe dogo.

Papa Bosongo alisema, "Shemeji Zaina, hatukukuja kwa fujo. Tunauliza tu. Kila samaki unamupa macho mbili. Ndugu yetu macho yake iko wapi?"

"Iko kwa kichwa yake," Mama Zaina akasema. "Iko naugua. Mumupeleke hospitali."

"Hospitali walisema hawajue."

"Basi hawajue. Mimi njo nijuwe?"

"Kwenu kule Maniema kuko mambo mingi."

Mama Zaina alimgeukia mumewe. Nami nikamgeukia, na wote uani wakamgeukia. Neno moja lingetosha. Angesema, huyu ni mke wangu, fungeni midomo. Alikuwa mkubwa wa nyumba, wangekasirika, wangekunywa, wangerudi Yanonge. Tonton alinoa ndoana. Kshh, kshh. Nikamgusa goti. Akaendelea.

Mama Zaina akaingia ndani. Akatoka na ungo uliojaa samaki wote wa ukutani, akaketi katikati yetu, akashika kisu cha jikoni, akaanza kuwakwangua macho. Mmoja baada ya mwingine, upande huu, upande ule. Ile rangi ikaanguka kwenye kitenge chake, magamba mekundu madogo. Hakulia. Alimaliza wote, akausukuma ungo mpaka miguuni pa Papa Bosongo.

"Nimerudisha. Sasa mungojee aone."

Papa Bosongo akasema sawa, watangoja mpaka mwezi ujao. Wakala, wakalala, wakaondoka na mto.

Asubuhi Mama Zaina alikuwa amefunga mzigo. Treni ya Ubundu ilikuwa bado inatoka wakati ule, kutoka stesheni yetu hapa Lubunga, na kaka yake alikaa Ubundu. Tonton alisimama mlangoni ameshika fremu. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Zaina, walishaenda. Hawakukufukuza."

"Siendi ju ya bandugu yako," akasema. "Naenda ju ya kinywa yako."

Nilimbebea mzigo mpaka stesheni. Niliporudi, Tonton aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Lotika, nilikuwa nangojea. Niliona watachoka kusema, watanyamaza, ingepita." Alikuwa ameleta barazani uvuvi wa maji baridi. Ulimfaa maisha yake yote mtoni, akadhani utafaa na penye watu. Nilimkasirikia, nawaambia kweli. Nilimpenda na nilimkasirikia, na kesho yake tukaenda kuvua.

Samaki wasio na macho walivua sawasawa na wenye macho. Nilitamani wasivue.

Miaka ikapita. Tonton akawa kipofu kabisa, giza lote. Ndipo wakaja watu wa afya, wakatukusanya uani pa kanisa. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye subira, alitueleza kwamba ni usubi. Vinzi vile vya maporomoko vinaleta minyoo midogo mwilini, inakwenda kwenye ngozi, inakwenda machoni. Akatugawia vidonge. Akasema vitazuia kilichobaki, kilichokwisha hakirudi. Mimi ndivyo nilivyobaki na jicho hili. Watu wakauliza maswali, kama uso utavimba, kama mtu anaweza kunywa pombe. Tonton alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alimwacha muuguzi amalize, akauliza swali moja tu.

"Docteur, donc haiko mutu?"

"Mutu gani, papa?"

"Mutu wa kuleta."

"Hapana, papa. Iko kadudu."

Tonton aliniomba nimtafutie verni nyekundu. Nikaipata kwa binti mmoja jirani. Akachukua samaki mpya wa kombokombo, aliyemchonga mwenyewe gizani mwake, laini kama sabuni. Akapapasa kichwa kwa kidole gumba, akatafuta mahali, akatia tone. Mkono ule mkubwa ambao siku zote ulichora vidonda ulitia jicho mahali pake hasa. Akapuliza. Nikangoja amgeuze upande wa pili. Hakumgeuza.

"Upande mwingine ni wake," akasema. "Mupelekee."

Nilipanda treni. Nilimkuta Mama Zaina uani kwa kaka yake, ana cherehani mbele yake, amezeeka kwa namna ya watu wanaokula kidogo. Alifurahi kuniona. Nikamweleza ya usubi, ya muuguzi, ya minyoo. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema maskini. Nikatoa samaki. Alimpima kiganjani, akalitazama jicho kwa muda.

"Amechora yeye?"

"Yeye, mama. Hivyo hivyo bila kuona."

"Na alisema nini?"

"Alisema upande mwingine ni wako."

"Aliniambia mimi?"

"Aliniambia mimi nikuambie."

Akanirudishia samaki mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Donc amekutuma. Bado iko nanyamaza. Rudi, Lotika. Umwambie verni yangu ilikauka zamani."

Nikarudi nikamwambia, kila neno, kwa maana nilichoka kuwa mtu wa kupunguza maneno. Tonton akasema atakwenda yeye mwenyewe.

Lakini zile ndizo siku nchi ilianza kulegea. Mafuta hakuna, treni haikutoka. Tulikwenda stesheni, wakasema labda wiki ijayo. Tukaenda tena, wakasema labda. Mtoni haikuwezekana, maporomoko yamekata njia. Nikamwambia, Tonton, nitakupakia kwenye baiskeli, tutafuata reli, tutalala njiani, tutafika. Akasema hapana, asifike kwa mke wake amefungwa nyuma kama mzigo wa mihogo. Atangoja treni. Ndiyo, kungoja tena. Nilipaswa kumfunga kwa kamba nimpeleke kwa nguvu, sikufanya, na hili ndilo ninalolijutia ninapokuna miguu.

Msimu ule wa mwisho wa mvua, mbele ya mtumbwi, hakusali tena. Vuta, vuta, acha, na katika kule kuacha alianza kusema kwa sauti. Alikuwa anajifunza maneno ya kumwambia Zaina. Anayasema, hayampendezi, anayarekebisha, anayasema tena. Mtu aliyenifundisha kwamba kapiteni anasikia hata pumzi, sasa anahutubia mto mzima. Tulirudi na mtumbwi mtupu siku baada ya siku, mke wangu akanuna, na mimi sikumwambia anyamaze hata mara moja. Yale maneno yaliendelea kuwa mazuri. Mwishowe yalikuwa machache, na yamekamilika. Niliyashika kwa moyo bila kutaka.

Alikufa kabla treni haijatoka. Homa, na uzee, basi.

Baada ya matanga nilichukua baiskeli, nikafuata reli. Mama Zaina aliniona naingia peke yangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akajua. Alikaa chini. Akavuta kitenge akafunika kichwa, akalia kwanza, sana, mpaka mke wa kaka yake akaja kumshika. Alipotulia akaniuliza kama alivyoniuliza mara ile.

"Alisema nini?"

Nilikuwa na maneno yake yote kinywani. Nikafungua mdomo. Akainua kiganja, akaniwekea mbele ya uso.

"Hapana. Usiseme wewe."

Nikanywa chai niliyoletewa, nikapanda baiskeli.

Samaki yule ninaye, ametundikwa hapa juu ya kitanda, jicho upande mmoja. Mkija Jumamosi nitawaonyesha jinsi risasi ilivyotiwa. Vidonge vikigawiwa mmeze, hata uso ukivimba. Na mkiwa mtoni, vuta, vuta, acha. Lakini maneno ya Tonton msiniombe. Si yenu, na si yangu, na mwenyewe hakuyapata.